Laini Ishirini na Mahubiri ya Jumatano

Kabla sijasema lolote, mmoja wenu afungue ile skrini ya proxy aniangalie kitu kimoja tu: wangapi wanasubiri? Sifuri? Haya. Vuteni viti basi, tuongee kwa amani.

Mimi ni Tabitha Wairimu. Nimestaafu, nakaa Kiganjo, nina kuku saba na magoti mawili yanayolalamika kila nikiinama kuokota mayai. Faith, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu pale idarani, ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi, ati kwa sababu ninyi wageni mnatazama grafu siku nzima na hamjui mnachotafuta. Halafu akaongeza, "Lakini Madam, tafadhali, usiwahubirie." Nilicheka mpaka nikakohoa. Mkifika mbele kidogo mtajua kwa nini.

Nianze na kile mnachokijua, ili anayesoma kwa mara ya kwanza asipotee. Hospitali yetu ya misheni ina kompyuta karibu kila chumba, hapa Thika na kwenye kliniki zake za Kiganjo, Kimbo na Mwihoko. Kila kompyuta inataka kuongea na database, ambako faili za wagonjwa zinakaa. Zikiingia zote kwa mpigo, database inalemewa. Ndiyo maana katikati kuna proxy. Proxy ina laini chache zinazoingia kwenye database, za kwetu zilikuwa ishirini, na kazi yake ni kuwaazimisha watu: chukua hii, uliza unachouliza, rudisha, mwingine achukue. Hizo laini zote kwa pamoja ndizo mnaita pool. Ninyi mnasema connection. Mimi nasema laini, na kwa umri huu sibadiliki.

Nasema laini kwa sababu nilianzia kwenye ubao wa simu. Hamjawahi kuuona, najua. Kilikuwa kiwanda cha nguo hapa hapa Thika, kina simu za ndani zaidi ya mia, na laini za kutoka nje sita tu. Mimi nilikaa katikati na kamba zangu, nikiwagawia watu laini sita. Kwa hivyo mkiniambia pool ni teknolojia mpya, nawaangalia tu.

Mkubwa wangu pale aliitwa Bi. Eunice, mama mfupi, mkali, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa hata jua likiwaka. Siku yangu ya kwanza alisimama nyuma yangu akauliza, "Laini ngapi zina watu?"

Nikahesabu taa. "Zote sita, Bi. Eunice."

"Sijakuuliza taa ngapi zinawaka. Nimekuuliza laini ngapi zina watu."

Akanivalisha kile kisikilizio na kunionyesha jinsi ya kuingia kwenye laini kwa sekunde moja, kusikia tu kama kuna sauti, halafu kutoka. Msinitazame hivyo, hatukuwa tunasikiliza umbeya. Laini ya kwanza, mtu wa mauzo anabishana na mtu wa duka. Ya pili, ya tatu, watu wanaongea. Ya nne, kimya. Kwa mbali nikasikia saa ya ukutani inagonga. Meneja mmoja alikuwa ameomba laini ya Mombasa, ikapatikana, akaweka mkono wa simu mezani na kwenda kunywa chai. Wakati huo watu wanane walikuwa wakinipigia kengele wakitaka kutoka nje, na mimi nawaambia laini zimejaa.

"Umeona?" Bi. Eunice akasema. "Taa inawaka na mtu hayuko." Akaichomoa ile kamba bila huruma. Meneja alikuja akifoka, na Bi. Eunice akamwambia aende amalizie chai yake.

Lile somo nilikuwa nalo kichwani. Miaka ikapita, kiwanda kikapunguza watu, nikasomea kompyuta jioni za Jumamosi, nikaingia hospitali, nikapanda mpaka nikawa mwangalizi wa database. Na somo likalala. Kulala kwake nusura kumtoe mtu kazini, mtu ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Mtu huyo ni Mutua. Mnamjua, ni yule fundi wa mtandao mrefu, anayepita kwenye korido na kipimo cha nyaya mkononi, asiyeongea sana. Wakati ninaousimulia alikuwa na miaka minne kazini. Ana mke, Mwende, na walikuwa wamepata mtoto wa pili. Nataka mkumbuke hilo mnaposoma, kwa sababu mimi nililisahau.

Shida ilianza baada ya kliniki ya Mwihoko kuongezewa vyumba. Asubuhi system inakuwa nzito. Siku nyingi ni uzito wa dakika chache, watu wananung'unika, inaisha. Lakini Jumatano! Jumatano inakwama kabisa. Maabara hawawezi kuingiza majibu, famasi hawaoni dawa zilizoandikwa, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, simu yangu inaita mpaka inapata moto. Halafu karibu saa tatu kasoro inaachilia yenyewe, kila kitu kinakimbia, na hakuna anayejua kilichotokea.

Kosa langu la kwanza ni lile ambalo na ninyi mtalifanya, hata nikiwakataza. Niliongeza laini. Kutoka ishirini nikapeleka sitini, nikajisifu, nikaenda kunywa chai. Wiki ya kwanza kukawa shwari. Wiki ya pili, database ikaishiwa kumbukumbu saa tatu asubuhi ikaanguka yote, na hospitali nzima ikaandika kwa kalamu hadi mchana. Woi! Nilirudisha ishirini. Mkipewa pool iliyojaa, msikimbilie kuiongeza. Ulizeni kwanza ni nani amezishika zile zilizopo na anazifanyia nini.

Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeumbuka mbele ya wakubwa, na mtu aliyeumbuka anatafuta mwingine wa kubeba mzigo. Nikafungua grafu zangu. Grafu ya database ilikuwa tulivu: laini ishirini zimefunguliwa, kazi hakuna, mashine imelala usingizi. Grafu ya proxy niliyoitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu, ilionyesha wastani wa siku nzima wa watu wanaosubiri, na wastani ulikuwa chini ya mmoja. Wastani! Dakika arobaini za mateso nilizikoroga pamoja na masaa ishirini na tatu ya utulivu, zikayeyuka. Nikasema, basi, si mimi. Kama database imelala na watu wamekwama, tatizo liko njiani, yaani kwenye mtandao.

Na mtandao Jumatano ulikuwa na mzigo wa ziada. Hospitali yetu huanza kila siku na ibada, saa mbili kamili, robo saa hivi, kila kituo na yake. Lakini Jumatano Kasisi anahubiri hapa Thika, na kliniki zote zinamfuata kwa video. Mutua ndiye aliyeiunganisha ile video. Kasisi wetu ni mtu wa Mungu kweli kweli, na hakuna anayeweza kumharakisha. Jumatano ibada ni dakika arobaini na tano, akija mgeni ni saa nzima.

Nikamwita Mutua. "Video yako inameza mtandao," nikamwambia.

"Madam, laini za mtandao ni safi. Nimepima mara tatu."

"Umepima saa ngapi?"

"Nikipigiwa simu nakuja. Nikifika huwa imeshaachilia."

"Aaa, kwa hivyo ukifika inapona! Mutua, database yangu imelala. Kama mimi nimelala na wewe uko safi, nani anakwamisha watu? Shetani?"

Akafikiri kidogo, maana yeye hujibu hata maswali ambayo si maswali. "Sijui, Madam. Lakini ni saa ya ibada tu."

Nilimwona ananijibu vibaya. Kumbe alikuwa ameniambia jibu lote.

Miezi michache kabla ya hapo Mutua alikuwa amechomoa waya ambao haukufaa kuchomolewa, akazima famasi nusu saa, na mkuu wa utawala alikuwa hajamsamehe. Kwa hivyo nilipoandika ripoti yangu ya ukurasa mmoja, yenye maneno "chanzo ni mtandao", na nikatia sahihi, hakuna aliyeuliza swali la pili. Mutua alisimamishwa kazi, na kamati ya nidhamu ikapangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kila mtu alijua kamati hiyo haimwiti mtu kumpa pole. Video ikapewa mtu mwingine aiangalie.

Na mimi nilipumua. Naona aibu kuandika, lakini nilipumua, kwa sababu mkuu wa utawala alikuwa ameacha kulitaja jina langu.

Jumatano iliyofuata, siku mbili kabla ya kamati, sikuwa kazini. Presha ilikuwa imenipanda, nikalala kwa dada yangu Kimbo, na asubuhi nikaenda kliniki yetu ya pale kupimwa, nikaketi kwenye benchi na wagonjwa wengine. Nawaambia, miaka yote ile ya kuangalia laini, sikuwa nimewahi kukaa upande ule wa kaunta saa mbili kasoro.

Mbele yangu alikuwa cucu mmoja, bibi mzee kutoka Murera, amefika tangu saa kumi na mbili, leso kichwani, kitabu cha kliniki kwenye mfuko wa plastiki. Nesi aliyekuwa zamu aliitwa Sister Nyokabi. Akamwita kaunta, akaandika namba yake, akamwambia, "Cucu, nimekufungulia. Wewe ndiwe wa kwanza, hakuna atakayekuruka. Ngoja tuombe kidogo." Akainuka, akachukua Biblia yake, akaelekea chumba cha ibada.

Nikachungulia skrini. Fomu ya cucu iko wazi, ile ya kuandika, kishale kinapepesa kwenye kisanduku cha uzito.

"Sister," nikaita, "mbona umeacha fomu wazi?"

"Nikiifunga anapoteza nafasi, Madam. Hii system inamweka wa kwanza yule aliyefunguliwa kwanza. Na mtu ametoka mbali hivi!"

"Na wengine wanafanya hivyo?"

"Sote. Mwihoko, Kiganjo, Thika. Kabla ya ibada kila chumba kinamshikia mgonjwa wake wa kwanza."

"Tangu lini?"

"Si tangu system iletwe." Akanitazama kama anayesema, na wewe si ndiwe mwenye system? Akaingia kuomba.

Niliketi. Kwanza sikuelewa nilichosikia. Nikasikia kiti kinasogezwa, wakaimba wimbo, Kasisi akaanza kusema kutoka Thika kwenye ile skrini kubwa. Ikapita robo saa. Mlango wa maabara ukafunguka, mama wa maabara akatoka na karatasi mkononi. "Imekwama tena! Nina mtoto hapa ana malaria na siwezi kutuma majibu!" Na kutoka chumba cha ibada sauti ya Kasisi inakuja safi, haikwarui, haikatiki. Nikasogea mlangoni nikaangalia picha. Unaona mpaka miwani yake inavyong'aa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kama mtandao umejaa, mahubiri yangekuwa ya kwanza kukatika.

Ile fomu iliyo wazi ilikuwa imeanzisha shughuli kwenye database na haijaimaliza. Proxy haiwezi kuirudisha laini kabla shughuli haijaisha, ni mpaka mtu abonyeze Hifadhi. Kwa hivyo laini ya cucu ilikuwa imeshikwa, na aliyeishika yuko anaomba. Na tangu Mwihoko iongezewe vyumba, fomu za namna hiyo zilikuwa zimetosha kushika laini zote ishirini. Nikasikia ile saa ya ukutani ya kiwandani, nawaambia ukweli. Taa inawaka na mtu hayuko. Nikamwona Bi. Eunice na sweta yake.

Nikampigia Faith, ambaye wakati huo alikuwa msaidizi wangu pale Thika. "Fungua proxy. Usiende kwa grafu. Nenda kwa proxy yenyewe, uliza hali ya pool sasa hivi."

"Sawa Madam… Laini zilizoshikwa ishirini. Zilizo bure sifuri."

"Wanaosubiri?"

"Thelathini na mmoja."

"Wa mbele amesubiri muda gani?"

"Dakika kumi na mbili. Madam, hii safu ilikuwa hapa siku zote?"

"Ilikuwa hapo. Na database inafanya nini?"

"Hakuna. Zote ishirini zimefungua shughuli na zimekaa kimya."

"Kaa na simu, usikate."

Nikaingia chumba cha ibada kwa vidole vya miguu. Kasisi alikuwa amefika hoja ya tatu. Nikamgusa Nyokabi begani.

"Sister, njoo ubonyeze Hifadhi."

"Saa hii?" akanong'ona, macho yamefumbwa bado.

"Saa hii."

"Madam, tuko kwa maombi!"

"Mungu atasubiri. Wale thelathini na mmoja hawawezi."

Alikuja amekasirika, midomo ameivuta. Akabonyeza. Na kwenye simu Faith akapiga kelele, "Haiya! Thelathini! Amepita mmoja!" Nyuma yangu maabara walikuwa bado wamekwama, maana aliyepita alikuwa mtu wa famasi Mwihoko. Lakini nilikuwa nimeona. Fomu moja imefungwa, mtu mmoja amepita.

Kilichofuata kinasimuliwa hospitalini mpaka leo na kila mtu anaongeza chumvi yake, kwa hivyo pokeeni kutoka kwangu. Nilimwambia Faith atafute walioacha fomu. Faith hakutafuta mtu mmoja mmoja. Alikimbia moja kwa moja hadi kanisani pale Thika, na sisi Kimbo tukamwona kwa macho yetu kwenye skrini, akipanda mbele ya mimbari, anahema, katikati ya mahubiri. "Samahani Kasisi. Kila mtu aliyeacha fomu wazi, tafadhali, akaifunge." Vituo vinne vikasikia, na hakuna neno hata moja lililokatika, kwa sababu laini za Mutua zilikuwa safi, kama alivyosema.

Watu waliinuka kwa vishindo. Ndani ya dakika tano hakukuwa na anayesubiri. Mtoto wa malaria akapata dawa. Cucu wa Murera akaniambia, "Mwanangu, nafasi yangu bado iko?" Nikamwambia iko, nitailinda mimi mwenyewe, na nikasimama kando ya kaunta mpaka akaitwa.

Presha yangu walipoipima mara hiyo ilikuwa juu kuliko ya wagonjwa wote.

Mngeweza kufikiri kazi ilikuwa imeisha. Lakini ripoti yangu ilikuwa bado kwenye meza ya mkuu wa utawala, na Mutua bado yuko nyumbani akingoja Ijumaa. Ningeweza kuandika ripoti ya pili, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba "uchunguzi zaidi umeonyesha". Niliiandika kweli, nusu ukurasa. Nikaisoma, nikaona jinsi nilivyojificha ndani yake, nikaipasua.

Alhamisi nikaenda Mwihoko, nyumbani kwa Mutua. Mwende alifungua mlango akiwa na mtoto mgongoni, akanisalimia kwa heshima iliyoniuma kuliko matusi, akaniletea kiti. Mutua alikuwa sakafuni anamtengenezea jirani redio.

"Mutua," nikasema, "si mtandao. Ni fomu zilizoachwa wazi wakati wa ibada. Zinashika laini zangu zote. Ningeliona siku ya kwanza kama ningeangalia wanaosubiri, sikuangalia. Uliniambia laini ni safi, sikukuamini. Nimekuja kuomba msamaha, na kesho nitasema mbele ya kamati."

Akaendelea kukaza skrubu moja. Nikangoja. Nilistahili kungoja.

"Kwa hivyo," akasema mwishowe, "mimi nimesimamishwa kazi na mahubiri."

Mwende ndiye aliyecheka kwanza, halafu akafunika mdomo, halafu machozi yakamtoka, na nikajua wiki mbili hizo zilikuwaje ndani ya nyumba ile. Mutua hakucheka. Aliniuliza tu, "Na wakikugeukia wewe?"

"Wanigeukie. Sahihi ni yangu."

Ijumaa niliingia kwa kamati kabla ya kuitwa. Nikaweka ripoti mezani. "Hii ni yangu," nikasema, "na si kweli. Sikudanganya makusudi, lakini mtu amekaa nyumbani kwa sababu yake, na hana kosa." Nikawaonyesha picha za proxy alizohifadhi Faith: ishirini zimeshikwa, sifuri bure, thelathini na mmoja wanasubiri, na video inaenda vizuri saa ile ile.

Mkuu wa utawala akavua miwani. "Madam Tabitha, unajua unajishtaki?"

"Najua."

Kasisi, ambaye ni mmoja wa kamati, akauliza polepole, "Kwa hivyo chanzo ni urefu wa mahubiri?"

Chumba kizima kilitazama meza. "Hapana, Kasisi," nikasema. "Chanzo ni mimi kutoangalia. Mahubiri yalinipa tu muda mrefu wa kutoona." Wallahi sikujua nilikotoa jibu hilo, lakini Kasisi alicheka mpaka mabega yakatikisika, na wengine wakapata ruhusa ya kucheka.

Mutua alirudi Jumatatu. Mimi nilipewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo kwenye droo na cheti changu cha ubatizo. Nilipotoka kwa kamati niliketi kwenye ngazi za famasi, nikavua viatu, nikakaa hapo watu wakinipita. Nilikuwa nimeshikilia kitu kifuani kwa wiki mbili bila kujua kama kinaweza kuachiliwa. Kilipoachilia, nilisikia njaa. Nikanunua mandazi manne nikayala yote.

Msifikiri tulitengeneza mara moja. Kwanza niliweka kikomo: shughuli ikikaa kimya dakika tano, proxy inaikata. Kwa Bi. Eunice ingekuwa sahihi kabisa. Jumatano ya kwanza manesi wakatoka ibadani wakakuta fomu zimepotea na wagonjwa wao wa kwanza wamekuwa wa mwisho. Sister Nyokabi alinipigia simu, na sitaandika aliyoyasema, kwa kuwa yeye ni mama wa kanisa. Alikuwa na haki. Wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wakimlinda mtu aliyetoka mbali, kwa njia pekee ambayo system iliwaachia. Basi tukakaa na walioandika program, wakaweka kitufe cha kumshikia mgonjwa nafasi: unabonyeza, nafasi inaandikwa, laini inarudi papo hapo, na wewe nenda ukaombe hata siku nzima. Kile kikomo nilikiacha, ila kwa muda mrefu zaidi, kwa ajili ya wasahaulifu.

Na ile grafu yangu ya wastani niliifuta. Mahali pake niliweka namba mnayoiona leo juu kabisa ya skrini: aliyesubiri muda mrefu kuliko wote, amesubiri sekunde ngapi. Ikipita tano, inapiga kengele. Najua inawakera, Faith ameniambia mnataka kuizima. Mkiizima nitajua, na nitakuja na haya magoti yangu. Database ikiwa kimya msiseme imepumzika, nendeni muulize kwa nini. Na mtu wa nyaya akiwaambia nyaya ni nzima, mwende naye mkaangalie pamoja kabla ya kuandika ukurasa wowote wenye jina lake. Mkimaliza hapo, mwende mkakae kwenye benchi la wagonjwa asubuhi moja. Mimi ilinichukua presha kufika huko.

Jumatano iliyopita nilikuwa kliniki ya Kiganjo, safari hii ni magoti. Saa mbili kamili Kasisi akatokea kwenye skrini kutoka Thika, mvi zimeongezeka, sauti ni ile ile. Akafungua kama anavyofungua kila Jumatano tangu siku ile: "Ndugu zangu, fungeni fomu, tuombe." Manesi wakabonyeza, kompyuta moja baada ya nyingine, kisha wakafumba macho.

Aliomba muda mrefu sana. Katikati ya maombi niliona miguu mirefu inapita kwenye korido, nikafumbua jicho moja. Ni Mutua na kipimo chake. Aliniona, akasimama, akanikaribia, akainama ili asisumbue watu.

"Madam," akanong'ona, "laini ni safi."

"Naamini," nikasema.